Watu 36 na hakuna hata mmoja aliyegonga kwa 507

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki zipoe kwanza. Zikipoa nitaanza kuwaonea huruma, nitasema ni programu nzuri ila ina kasoro ndogo. Hii si kasoro ndogo hata kidogo.

Ni ile aina ya programu ya kutengenezea majaribio ya saikolojia bila kuandika msimbo. Unaburuta vikasha, unavipanga, unaweka sauti hapa na maelekezo pale, unabofya kitufe cha kuanza, basi. Jina lake silitaji. Maabara yetu ililipia leseni ya mwaka mzima, na mimi ndiye niliyeipigania mbele ya msimamizi wangu. Nilimwambia, "Profesa, hii itatuokolea miezi." Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote: niliidhamini kwa kinywa changu.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza. Mshiriki anasikia mlio kila baada ya milisekunde 500, naye anaufuata kwa kugonga kitufe cha nafasi kwa kidole cha shahada. Baada ya milio 12 sauti inakatika, anaendelea peke yake kwa mwendo uleule, mapigo 30 zaidi. Anapumzika, tunarudia. Hatutafuti kama mtu ana kasi au ni mzito. Tunatafuta kuyumba kule kudogo kati ya pigo moja na jingine, maana ndani yake kuna mambo mawili. Mwaka 1973 watafiti Wing na Kristofferson walionyesha namna ya kuyatenganisha: kuna saa ya kichwani inayopanga muda, na kuna mkono unaotekeleza, ambao ucheleweshaji wake haufanani kila mara. Mkono una alama yake. Pigo moja likichelewa, nafasi iliyo kabla yake inarefuka na ile inayofuata inafupika. Ukipima jinsi nafasi jirani zinavyovutana kinyume hivyo, unapata variansi ya mkono, yaani kipimo cha ukubwa wa kuyumba kwake, na inayobaki ni ya saa. Nilitaka kulinganisha wanamuziki na watu wasiopiga ala yoyote. Kazi yote hiyo inasimama juu ya milisekunde chache tu.

Nitoe haki kwanza. Wiki za mwanzo niliisifu programu hii kwa kila niliyekutana naye. Jaribio lilikamilika kwa mchana mmoja. Mshiriki akikawia kuinua kidole, haikuhesabu mapigo kumi ya bure kama zinavyofanya nyingine, ilihesabu moja. Sauti haikukwaruza. Mafaili yalifunguka bila matatizo. Nikakusanya watu 36 kwa muda wa miezi miwili hivi, na wale si watu wa kuokota barabarani. Kila mmoja nilimbembeleza kwa ujumbe, nikampangia saa, nikamsubiri. Wengine walikuja jioni wametoka kazini, macho mazito, wakakaa mbele ya kompyuta wakagonga kwa makini kuliko nilivyostahili kuwaomba.

Usiku mmoja nikafungua faili la mpiga ngoma mmoja, mtu aliyegonga vizuri kuliko wote. Nilitaka tu kuona namba zake kwa macho kabla ya kuanza uchambuzi. Safu ya nafasi kati ya mapigo ilisomeka hivi: 500.0, 516.7, 500.0, 483.3, 500.0, 500.0, 516.7. Nikashuka chini. 500.0, 483.3, 516.7. Nikatafuta 507. Hakuna. Nikatafuta 491, hakuna. Nikafungua faili la pili, la tatu, nikayaunganisha yote. Maelfu ya mapigo, watu 36, na hakuna hata mmoja aliyegonga kwa 507. Kila namba ilikuwa 16.7 iliyozidishwa mara kadhaa.

Anayejua skrini ameshaelewa. Skrini ya hertzi 60 huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7. Programu hii ilikuwa inachora fremu, yaani picha moja ya skrini, inasubiri ichorwe, kisha ndipo inaigeukia kibodi na kuuliza: kuna kitufe kimebonyezwa? Ukigonga katikati ya fremu, pigo lako linangoja hadi fremu iishe, linaandikiwa saa ambayo si yake. Na skrini yenyewe ilikuwa na nini? Alama ya kujumlisha katikati ya weupe. Vidole vya watu vilisubirishwa ili alama ya kujumlisha isiyosogea ichorwe upya.

Nilikaa pale kitini muda mrefu. Wundt, mwanasaikolojia Mjerumani, alipoanzisha maabara yake Leipzig mwaka 1879, alikuwa akitumia saa ya Hipp, mashine ya magurudumu na sumaku ya umeme, na ile iliigawanya sekunde mara elfu. Sisi tumelipia leseni ya kitu kinachoigawanya mara sitini, kisha kwenye ukurasa wake wa kwanza kimeandikwa "usahihi wa milisekunde".

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Kwa adabu, na faili nikaambatisha. Baada ya siku kadhaa likaja jibu: "Mteja wetu mpendwa, muda wa mwitikio wa binadamu hutofautiana. Tafadhali waelekeze washiriki wako wagonge kwa utulivu zaidi." Nililisoma mara tatu nikitafuta dalili kwamba kuna mtu alifungua faili. Halikuwa na hata namba moja ndani yake. Washiriki wangu! Mpiga ngoma aliyetumia maisha yake kujifunza kutoyumba ndiye anayeambiwa atulie.

Basi nikaamua kumwondoa binadamu kabisa. Nikachukua kibao kidogo cha kielektroniki, Arduino Leonardo, kile kinachoweza kujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi, nikakiandikia mistari michache kibonyeze kitufe cha nafasi kila baada ya milisekunde 510. Hakichoki wala hakina saa ya kichwani ya kuyumba. Nikakiacha kibonyeze mara elfu moja. Nikafungua faili: karibu mapigo sita kati ya kila kumi yalisomeka 516.7, na karibu manne yakasomeka 500.0. Namba 510 haikutokea hata mara moja. Mashine isiyoyumba kabisa, programu imeiandika kama mtu anayeyumba. Nikatuma hilo nalo, safari hii nikaomba kuongea na fundi ana kwa ana.

Nikapewa fundi kwa njia ya video. Nilikuwa nimejiandaa, nimechora hata grafu. Hakunipa nafasi ya kuionyesha. Alitazama faili kwa muda usiozidi dakika, akasema: "Dada, wastani wako ni 510 kamili. Sasa unalalamikia nini?" Nikaanza kumweleza kwamba sipimi wastani, napima kuyumba. Akanikatiza: "Haya mambo ya fremu waachie wahandisi. Wewe ni mtu wa saikolojia." Pembeni yake kuna mtu akacheka, sikumwona sura. Nilinyamaza, si kwa kukosa la kusema, ila nilijua nikifungua mdomo sauti itatetemeka na wataichukua kuwa ushahidi.

Sasa niseme kweli hata kama inanichoma: kuhusu wastani yule bwana hakukosea. Sita ya 516.7 na nne ya 500.0, ukizichanganya unapata 510. Hata kwenye fani yetu limeandikwa. Watafiti Ulrich na Giray walilionyesha mwaka 1989: kwa muda wa mwitikio wa kawaida, ule wa kubonyeza taa inapowaka, saa yenye hatua pana haiharibu wastani kama watu wanavyohofia, kwa sababu kuyumba kwa binadamu mwenyewe ni kukubwa kuliko kosa la saa. Kwa hiyo kama kazi yako ni ya namna hiyo, mwitikio wa milisekunde mia mbili na kitu, majaribio mengi kwa kila mtu, wastani dhidi ya wastani, programu hii itakufaa na utafurahia vikasha vyake. Kwa hilo ningeipa nyota tatu.

Lakini kwenye kugonga mambo yanageuka. Kosa la fremu lina variansi yake: 16.7 mara 16.7 ugawe kwa 12, unapata kama 23. Na linaliangukia pigo lenyewe. Pigo lililosogezwa mbele linarefusha nafasi ya kabla yake na kufupisha ya baada yake. Umeona? Ndiyo alama ileile ya mkono niliyoieleza pale juu. Programu imevaa nguo za mkono. Hesabu za Wing na Kristofferson haziwezi kuitambua, zinaipokea kama misuli ya mshiriki. Na wanaoumia zaidi ni wale wenye mkono mtulivu, kwa sababu kwao ile 23 ni sehemu kubwa ya kilichopo. Tofauti niliyokuwa naitafuta kati ya makundi mawili imefunikwa upande uleule ilipokuwa.

Profesa, kwa upole wake, aliniuliza kama hatuwezi kuitoa tu ile 23 kwa kila mtu. Nilijaribu usiku kucha. Ingewezekana kama kosa la kila pigo lingekuwa halina habari na la jirani yake. Ila 500 ni fremu 30 kamili. Mtu anayegonga karibu sana na 500 anaiangukia fremu mahali karibu palepale tena na tena, makosa yake yanafuatana, na 23 haiwi tena namba sahihi ya kutoa. Kwa anayeyumba sana inakaribia, kwa mpiga ngoma wangu haikaribii. Nikafunga kompyuta.

Nyota tatu nazifuta. Kasoro kila chombo kinayo, na kama wangeandika mahali popote kwenye mwongozo wao kwamba kibodi husomwa mara moja kwa kila fremu, ningechagua kingine siku ileile na leo tungekuwa marafiki. Hawakuandika. Wameandika "usahihi wa milisekunde", na saa yao ya ndani ni kweli inasoma milisekunde, ila inaulizwa mara sitini tu kwa sekunde. Huko ni kumficha mtu jambo analolihitaji.

Nimehamia programu ya PsychoPy, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Yenyewe husikiliza kibodi kando, haingoji skrini. Nilianza na kibao changu cha 510 kabla ya kumwita mtu yeyote: 510, 510, 509, 510, 511. Nilitazama ile safu nikahisi koo limenibana. Sisemi ni ya kubofya tu. Sehemu ya mapigo yanayofululiza nililazimika kuiandika mwenyewe, na ilinichukua karibu wiki. Nimejifunza pia kwamba kibodi nyingi za kawaida zenyewe huulizwa na kompyuta kila baada ya milisekunde 8, kwa hiyo tumetafuta inayoulizwa kila milisekunde moja. Ukianza kazi ya kugonga, hata kwa programu nyingine yoyote, pima kwanza kwa kitu kisichoyumba. Mimi nilipima baada ya watu 36.

Nilipoanza kuandika haya nilikuwa nimeweka nyota mbili, moja ya vikasha na moja ya sauti. Nikiwa katikati imeingia barua pepe yao: ombi langu limefungwa, hali yake "Limetatuliwa", na chini yake wananiomba nieleze jinsi nilivyoridhika na huduma. Ni nyota moja.

Nimewaandikia washiriki wote 36, mmoja mmoja, nikawaeleza kilichotokea na kuwaomba radhi. Kumi na mmoja wamekubali kurudi. Mpiga ngoma yumo, amejibu neno moja tu, "Lini?"