Seti ya klik ya mwanga: inafanya kazi, ila jua la Dar nalo linaijua

Nimeitumia seti hii ya klik, yaani mmenyuko wa kemia unaobana molekuli mbili pamoja kama kifungo cha nguo, hapa kwa kuwashiwa mwanga, miezi minne katika maabara yetu ya Upanga. Naipa nyota nne. Ya tano nimeibana, na sababu mtaiona.

Kwa asiyeijua: unazilisha seli sukari yenye azidi (kikundi cha nitrojeni tatu) kwa siku mbili, zinaivaa kwenye utando wake wa nje. Kisha unaweka rangi inayong'aa, ambayo alkaini yake (kaboni mbili zenye kifungo cha mara tatu) imefungwa kwa kufuli ya saiklopropenoni, pete ndogo ya kaboni tatu. Ukimulika taa ya UV ya nanomita 350 hivi, kufuli inavunjika, kaboni monoksidi inatoka, na alkaini inaikamata azidi, hivyo rangi inanasa kwenye seli. Shaba, kichocheo cha klik ya kawaida, haihitajiki. Niliwahi kutumia klik ya kawaida yenye shaba, seli zikafa kama inzi waliopuliziwa dawa. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini Carolyn Bertozzi, aliyebuni klik isiyo na shaba kwa ajili ya seli hai, alikuwamo kwenye Nobel ya kemia ya mwaka 2022 pamoja na Meldal na Sharpless.

Fundi wetu aliposikia kaboni monoksidi alishtuka: "Kaka, si ndiyo ile ya jiko la mkaa?" Ndiyo hiyo hiyo, ila kwa vipimo vyangu haifiki hata mikrogramu moja kwa tyubu.

Kasheshe ilianza wiki ya kwanza. Sampuli ya gizani, ile isiyotakiwa kung'aa kabisa, iling'aa karibu sawa na iliyomulikwa. Nikalaumu rangi, nikalaumu sukari, nikamwandikia muuzaji barua pepe ya hasira (hajajibu mpaka leo). Kumbe nilikuwa naiacha trei mezani, karibu na dirisha, nikienda kula wali maharage. Jua la saa saba mchana halisubiri mtu awashe taa. Maelekezo yanasema tu "epuka mwanga mkali", na aliyeyaandika naona hajawahi kukaa Dar mwezi wa Januari. Sasa kila tyubu inavaa foili, dirisha nimelibandika manila nyeusi ya Kariakoo, na kazi naianza saa moja jioni.

Kuchora kwenye kioo ndiko kulikonifurahisha zaidi. Nilikata umbo la jahazi kwenye foili kwa wembe, nikaiweka juu ya kioo chenye azidi, nikamwaga rangi na kumulika. Jahazi likatokea, lakini tanga limevimba kama andazi. Tatizo ni kwamba rangi ikishafunguliwa ndani ya maji haitulii: inaogelea hadi chini ya foili kabla ya kunasa, maana klik hii haina haraka.

Nikageuza mambo. Alkaini yenye kufuli nikaipandikiza kwenye kioo chenyewe, nikamulika kikavu, nikaosha, ndipo nikamwaga rangi yenye azidi. Kwenye maelekezo hilo halimo. Chini ya hadubini jahazi lilikuwa na pembe zake zote, mpaka mlingoti niliouchana upana wa milimita moja.

Mkinunua, agizeni na azidi ya ziada. Ya kwenye seti inaisha mapema.