Wembe wa kukunja: usinunue mpini, nunua chuma

Mwaghonile wadau! Karibuni tena kutoka hapa Mbeya, na baridi hii ya Julai mtanisamehe nikiongea huku nimekumbatia kikombe cha chai. Leo mezani nina nyembe tatu za kukunja. Huu wa kwanza ni mpya, wa bei rahisi, unaagizwa mtandaoni. Jina lake nimelifunika kwa plasta maana nitausema vibaya na sitaki kesi. Wa pili ni wa zamani, umegongwa chapa ya Solingen. Wa tatu ni kishikio tu, unachomeka ndani yake nusu ya wembe wa kawaida wa duka la Mangi. Huu mmeuona kwenye saluni kuanzia Kabwe mpaka Uyole.

Swali mnaloniuliza ni moja: "Kaka, ninunue upi?" Na mara nyingi swali linakuja na picha ya wembe wenye mpini wa rangirangi, una nakshi ya joka, chuma kimeng'arishwa mpaka unajiona meno. Ndugu yangu, mpini haunyoi. Hebu tuanze na sehemu ambayo hakuna anayeipiga picha, nayo ni mgongo.

Dogo, sogeza kamera hapa. Mnaona upande huu mnene, ulio kinyume na makali? Huo ndio mgongo wa wembe. Ukiulaza wembe kwenye jiwe la kunolea, vitu viwili vinagusa jiwe kwa pamoja: makali na mgongo. Unene wa mgongo ndio unaopanga makali yakae kwa pembe gani. Kisu unakikadiria mwenyewe kwa mkono, lakini wembe umeshapimiwa kiwandani. Sasa kama kiwandani walikosea, mgongo huku mnene na kule mwembamba, au chuma chote kimejipinda, utanoa mpaka uchoke. Katikati patakuwa pakali na pembeni butu.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni hili, na halihitaji chochote zaidi ya kioo. Hiki nimekitoa kwenye fremu ya picha. Naulaza huu wa bei rahisi, mgongo na makali vyote chini, halafu nagusa ncha hii kwa kidole, kisha upande wa shingoni, hapa karibu na mpini. Sikilizeni. Tik. Tik. Unacheza. Tena mwanga unapita chini yake hapo katikati, mnauona? Hapo pana uwazi, jiwe halitafika. Sasa huu wa Solingen, naugusa kote kote. Kimya. Umelala wote. Ukinunua kwa mkono kwa mkono, nenda na kipande cha kioo mfukoni. Muuzaji akikuzuia kuupima, mwachie wembe wake.

Jaribio la pili ni taa. Washa taa ya juu, elekeza makali moja kwa moja machoni pako, polepole, uyatazame kama unavyotazama uzi. Makali yaliyo sawa hayaonekani, kwa sababu hayana upana wa kurudisha mwanga. Ukiona kijidoti kinang'aa, pale pamekatika au pamelala. Kijidoti kimoja kidogo jiwe litakiondoa. Kikiwa kikubwa mpaka unakiona bila kukitafuta, kitakula chuma kingi sana mpaka kiishe.

Halafu ufunge taratibu. Chuma kiingie katikati ya mpini bila kugusa upande wowote, maana kikigusa kinajibutua kila unapoufunga. Huu mpya unaegemea kushoto. Si ajabu.

Tuje kwenye majina. Solingen ni mji wa Ujerumani wenye historia ndefu ya visu na nyembe, na jina hilo linalindwa kisheria tangu mwaka 1938: bidhaa haiandikwi Solingen kama haikutengenezwa huko. Uingereza wana Sheffield, Ufaransa wana Thiers. Chapa hizo utazikuta zimegongwa kwenye shingo ya wembe, hapa kabla ya mkia. Lakini kugonga chapa hakuhitaji digrii, na soko lina za kughushi nyingi, kwa hiyo usiache jaribio la kioo eti kwa sababu umesoma Solingen. Mpya halisi wa huko unazidi Yuro 100, yaani weka laki tatu kwenda juu, bado usafiri na ushuru. Ukiona mtu anauza "Solingen mpya" kwa bei ya kiroba cha sembe, jiulize yeye faida anaipata wapi.

Kwa mfuko wa kawaida mimi napendekeza wa zamani. Chuma kizuri cha miaka hamsini iliyopita bado ni chuma kizuri, mradi kilitunzwa. Kutu ya juu juu, hii ya kahawia inayotoka ukisugua, isikutishe. Ikutishe ile iliyochimba vishimo, hasa ikiwa jirani na makali. Ukinoa unakikuta kishimo, na makali yanamegeka hapohapo. Angalia pia mstari wa makali: ukiwa mnyoofu ni vizuri, ukiwa umetuna nje kidogo bado unanoleka, lakini ukiwa umebonyea ndani katikati, uliharibiwa na mnoaji.

Kuna jambo lingine kwenye za zamani ambalo wengi hawalijui. Mipini mingi ya zamani ni ya seluloidi, plastiki ya kwanza kwanza. Seluloidi ikizeeka inaanza kuoza na kutoa hewa yenye tindikali, na hewa hiyo inakula chuma. Dalili yake ni kutu iliyokaa kwa umbo lile lile la mpini, wakati sehemu iliyobaki nje ni safi. Ukiiona, mpini ubadilishwe, na wembe huo usiuhifadhi sanduku moja na mingine. Na ukiambiwa mpini ni pembe ya ndovu, rudisha mezani, msalimie mzee wa watu uondoke. Hutaki kwenda kuwaeleza watu wa maliasili kwamba ulikuwa unataka kunyoa ndevu tu.

Ukubwa, haraka haraka. Upana wa wembe unahesabiwa kwa sehemu za nane za inchi. Wa 5/8 ni kama milimita 16, wa 6/8 ni kama 19. Anayeanza achukue 5/8 au 6/8, na ncha iwe ya mviringo. Ncha ya mraba ni nzuri kuchongea mistari, lakini mkono ambao haujazoea utachonga na sikio. Kuna pia umbo la ubapa: zipo zilizojaa, za kabari, na zipo zenye mashavu yaliyobonyea hadi chuma kinakuwa chembamba sana karibu na makali. Tofauti yake ni kama panga na kisu cha kumenyea viazi. Iliyobonyea inanoleka kwa urahisi na inakupa sauti, unausikia unakata. Kwa ndevu ngumu mimi nachukua iliyobonyea nusu.

Chuma cha kaboni au kisichoshika kutu? Hapa mjini cha kaboni kinatunzika. Ila wewe wa Tukuyu, ambako mvua hazijui likizo, au wa Kyela kwenye lile joto la ziwani lenye unyevu, chukua kisichoshika kutu uishi kwa amani. Kitakusumbua kidogo kwenye jiwe, basi.

Sasa nisikilizeni kwenye hela, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Usiimalize yote kwenye wembe. Wembe wa kukunja bila mkanda wa ngozi ni pambo. Makali yake ni membamba mno, na ukinyoa tu yanajikunja kunjakunja kwa namna ambayo jicho haliioni. Mkanda unayanyoosha, kila mara kabla ya kunyoa. Mikanda ya kiunoni ya mtaani achana nayo, mingi ni vumbi la ngozi limegandishwa na kupakwa plastiki. Nenda kwa fundi viatu, pale Mwanjelwa wapo wa kutosha, mwambie akukatie ngozi halisi ya ng'ombe, laini upande wa juu, upana inchi tatu, urefu kama sentimita 50. Atoboe tundu upande mmoja uufunge kwenye kitasa. Chukua na kipande cha jinzi iliyofuliwa, ukubwa huohuo.

Angalia mkono wangu. Mkanda umevutwa ukakaza, haulegei katikati. Ukilegea, makali yanapinda kuufuata na yanaviringika. Wembe umelala kabisa, mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma. Nikifika mwisho, naugeuza juu ya mgongo, makali yanapaa hewani, narudi. Ukigeuzia juu ya makali umeukata mkanda na umeua makali kwa pamoja. Hakuna kukandamiza, uzito wa wembe unatosha. Jinzi kwanza mara ishirini hivi, halafu ngozi mara hamsini kwenda na kurudi. Anza polepole, hakuna anayekupa medali ya mwendo. Mkanda ukikosekana, gazeti lililokunjwa juu ya kioo linasaidia kwa muda, usicheke, vinyozi wa zamani walilitumia sana.

Jiwe ni habari nyingine, linahitajika mara chache kwa mwaka ukiwa mtu wa mkanda. Lakini lile jiwe la duka la vifaa vya ujenzi, la kunolea panga, lisikaribie wembe. Namba ya jiwe ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi. Jiwe la 1000 ni la kutengeneza makali yaliyokufa, kisha 4000 au 5000, halafu 8000, na wengine wanamalizia 12000. Kwenye jiwe ni kinyume cha mkanda: makali ndiyo yanatangulia. Na kabla ya kuanza, paka wino wa maka peni kwenye makali, pitisha mara mbili tu, utazame. Palipobaki wino, jiwe halijapagusa. Jiwe lenyewe likishabonyea lisawazishe kwa msasa wa maji wa mafundi rangi za magari, uulaze juu ya kioo.

Baada ya kunyoa: suuza makali tu, maji yasiingie kwenye ekseli hapa, yaani pini inayoshika chuma na mpini, maana kutu ya ndani ndiyo inayokuja kugundulika imeshachelewa. Futa kwa karatasi laini kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, usifute kwa kuambaa na makali, vidole bado unavihitaji. Uache wazi ukauke mahali watoto hawafiki. Kisha tone la mafuta ya cherehani, paka mpaka pawe kama hapajapakwa. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda na kunata. Na usiuache bafuni, hasa mvua zikishaanza Novemba. Uweke kabatini pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Huyu wa tatu sasa, kishikio. Wewe ni kinyozi? Nunua huu na usihangaike na ile mingine miwili kazini. Wembe wa chuma kimoja ni wa mtu mmoja, kama mswaki. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa kwenye kitu kikavu siku saba na bado vikaambukiza, na kupangusa kwa pamba yenye spiriti mbele ya mteja hakutoshi. Kuloweka kwenye jiki kunakula chuma cha kaboni. Kwenye kishikio unavunja wembe mpya nusu ungali ndani ya karatasi yake, mteja anaona, ukimaliza unautupa kwenye kopo gumu, na kishikio chenyewe unakiosha na kukitakasa. Wewe mteja nawe, kama hujaona karatasi ikifunguliwa, uliza. Kinyozi mzuri hakasiriki.

Ubaya wake? Nusu ya wembe ni nyepesi na haisamehe. Ukikosea pembe kidogo, damu. Mgongo wa kukuongoza haupo.

Wenye ndevu za kipilipili na vipele, najua mnasubiri. Wembe mmoja ukinyoa mara moja kwa kufuata uoto wa ndevu, bila kuvuta ngozi sana, unasaidia kuliko vile vyenye nyembe tatu nne, ambavyo vinavuta unywele na kuukata chini ya ngozi, kisha unajikunja na kurudi ndani. Lainisha kwanza kwa maji ya moto na povu, wembe ulale karibu nyuzi 30. Lakini kama shingo imeshakuwa na makovu, mimi nakushauri kwa dhati uache nyembe zote, utumie mashine na ubakize ndevu kidogo. Ngozi ikipona tutaongea.

Kwa hiyo mimi na huu wa bei rahisi tunaachana, utafungua barua. Huu wa Solingen unabaki bafu... samahani, kabatini. Kishikio nakipeleka kwa jamaa yangu mwenye saluni Iyunga.

Na mtu aliniuliza kuhusu safari. Kwenye basi la Dar hakuna shida, funga wembe kwa raba usije ukafunguka ndani ya begi. Ukipanda ndege Songwe, uingize kwenye begi la kwenda chini, mkononi hautapita. Maswali ya mawe ya kunolea nitumieni, video ijayo nauchukua huu wenye kutu hapa nyuma tuone kama unaokoka. Ndaga fijo.