Urojo wa Mwanjelwa, bakuli buku tatu
Kwa wale wa Mbeya mnaoulizaga urojo unapatikana wapi, kuna kibanda pale Mwanjelwa, bakuli buku tatu na kwa baridi hii ya mwezi wa saba ukiunywa unachangamka kabisa. Rojo lina uchachu wa ukwaju wenyewe, bajia zinakaangwa unaona, ila kachori nilizopewa zilishapoa na foleni ni ndefu.

Mwenye kibanda ni bi mkubwa wa Unguja, tukapiga stori mpaka Mapinduzi ya Januari 1964. Anasema kwao waligawiwa eka tatu na anashukuru mpaka leo, lakini anawakumbuka pia wenye maduka na walimu walioondoka. Mimi hapo ndo paliniuma, maana ardhi inagawika ila ujuzi na mtaji vikishapanda meli ndo basi tena, karafuu ikawa mnunuzi ni serikali peke yake, Indonesia waliokuwa wanunuzi wakubwa wakapanda za kwao, na Oman baada ya 1970 Sultan Qaboos akawaita wasomi wenye asili ya kule waliokulia Zanzibar wakamjengee nchi.

Chai yake ya mchaichai msiikose, na wahini mapema, saa moja usiku urojo umeisha.