Magadi soda kwa madoa ya mafuta ya kupikia kwenye pevingi

Kwa nyumba ambayo sambusa na maandazi ya shughuli hukaangwa nje, kwenye njia ya gari iliyotandikwa matofali ya pevingi, magadi soda ya unga (soda ash, si baking soda ya kuokea) yanayouzwa katika maduka ya malighafi za sabuni ndiyo bidhaa ya kwanza ninayoipendekeza, mbele ya sabuni ya vyombo na mbali kabisa na dawa za choo zenye asidi, ambazo hula saruji yenyewe na kuacha tofali likiwa na vinyweleo vingi zaidi vya kunywa mafuta yatakayomwagika baadaye.

Mafuta ya kupikia si oili ya injini. Yanapokutana na alkali kama magadi, sehemu yake hugeuka sabuni inayosuuzika kwa maji, na mafuta yaliyokwisha kukaangia mara nyingi huwa na asidi huru, yaani asidi zilizojitenga na mafuta yenyewe, ambazo magadi huzikamata upesi kuliko yanavyoweza kuyavunja mafuta mapya ya chupani. Ndiyo maana mafuta meusi ya karai, ambayo kwa macho hutisha zaidi, yalitoka vizuri kuliko nilivyotarajia.

Matokeo hutegemea sana namna ya kuyatumia. Mafuta yaliyo juu yanyonywe kwanza kwa maranda ya mbao au mchanga mkavu, kisha yafagiliwe, kwa kuwa kumwaga maji mapema husambaza doa tu. Baada ya hapo magadi hukorogwa kwa maji ya moto hadi yawe uji mzito, hupakwa juu ya doa na kufunikwa kwa nailoni ili jua lisiyakaushe kabla hayajafanya kazi. Hatimaye husuguliwa kwa brashi ngumu ya plastiki, wala si ya waya, na kusuuzwa kwa maji mengi. Asiyesuuza vya kutosha ataona ukungu mweupe tofali likikauka, nao huondoka kwa kusuuza tena.

Udhaifu upo. Doa la miezi mingi, lililokwisha kuganda na kunata kwa hewa na joto, hupungua rangi lakini huacha kivuli ndani ya saruji hata baada ya kurudia. Kwenye lami sishauri kabisa kuyategemea, kwani huko mafuta huwa yameilainisha lami yenyewe, na hakuna usafi unaoweza kuirudisha.

Lawama yangu kubwa ni ya ufungashaji. Magadi hupimwa na kutiwa katika mfuko wa nailoni usio na maandishi yoyote, kwenye meza ileile inayouza kostiki soda, ambayo huunguza ngozi na macho vibaya sana. Mnunuzi na amuulize muuzaji waziwazi, aandike jina juu ya mfuko papo hapo dukani, na aukatae mfuko wowote ambao muuzaji mwenyewe anausitia. Glavu ni lazima hata kwa magadi, na karai au sufuria ya alumini isitumike kuyakorogea, kwa sababu huliwa na kuwa nyeusi. Ndoo ya plastiki inayostahimili maji ya moto inatosha.