Mfuko wa PICS kwa mahindi ya Nyanda za Juu Kusini: una kazi yake, na una masharti yake

Wazee wa Kilolo na Mufindi watakuambia kihenge kilitosha. Mahindi yaliingia na maganda yake, ya mbegu yakaning'inizwa darini juu ya jiko yapate moshi, na chakula kikafika mavuno mengine bila dawa ya dukani. Hawadanganyi. Mahindi ya kienyeji yalikuwa na punje ngumu na ganda lililofunika gunzi hadi nchani, na adui alikuwa fukusi. Sasa kuna dumuzi, mdudu ambaye wengine wanamwita Scania, na asili yake ni Amerika ya Kati. Kwetu aligundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huyu hupenda hasa mahindi yaliyo kwenye gunzi, ganda analitoboa, na hata fito za kihenge hazimshindi.

Mfuko wa PICS unamweza. Ni mifuko miwili ya nailoni nzito ndani ya gunia la sandarusi, bila dawa yoyote. Wadudu waliofungiwa humo hupumua mpaka oksijeni inapungua, wanaacha kula, kisha wanafa. Dona unasaga siku yoyote, tofauti na mahindi yaliyopigwa dawa ya unga, ambayo lazima usubiri.

Kinachowaangusha wengi huku kwetu ni unyevu. Mavuno ya Juni na Julai hukutana na ukungu na baridi, na punje iliyokauka kwa nje inadanganya jino. Tumia chumvi: chupa ya kioo kavu, vijiko vitatu vya chumvi kavu, mahindi yaliyopukuchuliwa hadi theluthi ya chupa. Tikisa vizuri, iache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi turubaini. Isiponata, unyevu uko chini ya asilimia 15, lakini bado anika siku mbili za jua kali, maana mfuko unataka kama asilimia 13. Ukifungia mabichi, unyevu hauna pa kutokea. Utakuta kuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupepeta.

Kabla ya kujaza, puliza kila nailoni, ibane mdomo, sikiliza kama inavuja. Pepeta vizuri, vipande vya magunzi vinatoboa. Jaza debe sita hivi, ukisindilia kila debe ili hewa itoke. Lumbesa sahau: shingo lazima ibaki ndefu. Sokota nailoni ya ndani, ikunje, funga kwa mpira wa baiskeli. Fanya hivyo kwa ya pili, kisha sandarusi.

Udhaifu wake mkubwa ni panya. Tundu moja tu na hewa inaingia, dumuzi anaanza upya. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, na ghala lisiwe na punje zilizomwagika. Tatizo lingine ni kufungua kila wiki kuchota debe la kusaga. Ya kula kwanza weka pembeni kwenye gunia la kawaida, mengine yasiguswe. Nailoni ikibaki nzima, mfuko unarudia msimu wa pili na hata wa tatu.

Bei ni mara kadhaa ya sandarusi tupu, hivyo anayeuza mahindi yote Makambako kabla ya Septemba hana haja nao. Anayeweka ya kula hadi Machi, au maharage, anunue.