Siku nne Lumbarda: nilifuata mchanga, nikaangukia zabibu

Mtu aliyekulia Pangani hana sababu ya kutoka München kwenda kutafuta mchanga. Mimi nilikwenda. Fukwe nyingi za Kroatia ni mawe na kokoto, lakini Lumbarda, kijiji kilichoko upande wa mashariki wa kisiwa cha Korčula, kina mchanga. Kweli upo, pale Vela Pržina, ila ufukwe wenyewe unaumaliza kabla hujamaliza pingili moja ya muwa. Mwanzoni mwa Juni maji yalinitoa mbio. Wenye watoto watapapenda, maana unatembea mbali bado maji yako magotini.

Kufika ni rahisi siku hizi. Daraja la Pelješac lilifunguliwa 2022, kwa hiyo ukitoka Split kwa gari hukatizi tena kipande cha Bosnia pale Neum. Kroatia nayo iliingia Schengen, eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, na kuanza kutumia yuro Januari 2023. Kibali changu cha kuishi Ujerumani kilitosha. Orebić, mji wa rasi ya Pelješac unaotazamana na kisiwa, unapanda pantoni, robo saa tu uko ng'ambo.

Chumba sikukipenda. Tangazo lilionyesha bahari. Dirishani nikakuta ukuta wa jirani na kamba ya nguo.

Kilichoniteka ni mashamba. Njia ya kwenda ufukweni inapita katikati ya mizabibu, na mingi ni grk, zabibu nyeupe ambayo nje ya kijiji hiki huioni sana. Mama mwenye nyumba alituonyesha: maua yake ni ya kike peke yake, hivyo lazima wapande plavac mali, zabibu nyeusi, karibu yake ili izae. Nikacheka. Nyumbani nani asiyejua habari za mpapai dume? Nilipomweleza, naye akacheka. Divai yake mume wangu aliisifu; mimi niliiona na uchungu kidogo mwishoni, lakini kwa samaki inakwenda.

Samaki sasa: bei iliyoandikwa kwenye menyu ni ya kilo, si ya sahani. Uliza wampime kwanza. Sisi hatukuuliza, tukalipa tukitazamana. Alikuwa mtamu lakini, wa kuchoma, amemwagiwa mafuta ya zeituni, na mchicha wao wa viazi pembeni. Pilipili hawana habari nayo, beba yako.

Nyota nne. Tutarudi Septemba, maji yakishapata joto, na chumba nitakiona kwa macho kabla ya kulipa.