Karamu ya Kigisu bila malewa yaliyoiva: msiwape kazi hawa

Nianze na walichofanya vizuri, maana nikianza na hasira sitafika huko. Wapishi hawa wa kukodi wa hapa Kampala walikuja mapema. Matoke waliyafunga kwenye majani mabichi ya migomba yakaiva kwa mvuke, laini kabisa. Chungu cha malwa, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija mirefu, kiliongezwa maji ya moto kila kilipopungua, na vichujio kwenye ncha za mirija vilikuwa safi. Kwa hayo peke yake ningewapa nyota tatu.

Lakini niliwalipia karamu ya Bugisu, kwa Wagisu wa mashariki mwa Uganda, na wageni walikuja kwa ajili ya malewa. Wengi hawajawahi kuyaonja: machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, yaliyokaushwa kwa moshi, yakapikwa kwa karanga. Wakaletewa kitu kigumu kama kamba ya katani, kichungu, kwenye mchuzi uliokatika.

Kosa la kwanza lilionekana kwenye sahani. Kipande ukikikata, nje kimelainika, katikati bado kikavu. Malewa makavu hulowekwa usiku kucha, maji yakibadilishwa mara mbili au tatu mpaka yaache kutoka meusi kwa masizi. Kisha unakata na kutupa sehemu ngumu ya shinani, unakatakata yaliyobaki vipande vidogo kukatisha nyuzi, unachemsha, unamwaga maji ya kwanza yenye uchungu, unachemsha tena mpaka kidole kipite. Hiyo ni saa moja na nusu, pengine mbili. Hawa waliyatia maji ya moto mchana huohuo wakadhani moto mkali utafidia. Haufidii. Ukali wa moto hulainisha ganda la nje tu.

Kosa la pili ni karanga. Karanga ya kusaga huvurugwa kwanza kwenye bakuli kwa maji ya uvuguvugu, kilo moja kwa lita mbili na nusu hivi, mpaka isiwe na madonge, ndipo imiminwe kwenye malewa yaliyokwisha kuiva. Moto unapunguzwa, sufuria inaachwa wazi maana huumuka na kumwagika, na mwiko haupumziki mpaka mafuta yaanze kuelea juu. Wao waliitupa ikiwa donge ndani ya sufuria inayotokota. Ikazama, ikashika chini, ikaungua, na juu yakabaki maji. Kuficha harufu ya kuungua wakaongeza nyanya, vitunguu vya kukaanga na kiungo cha pakiti. Moshi wa mianzi, ambao ndio utamu wenyewe wa malewa, ukapotea hapo.

Hata hilo ningelisamehe. Sufuria huungua kwa kila mpishi, na muda ulikuwa mfupi. Nilipomwita msimamizi kando, kwa upole kabisa, nikamwuliza yalilowekwa lini, akajibu mbele ya wahudumu wake: "Nyabo, hiki ni chakula cha mlimani, ndivyo kilivyo. Wageni wako hawajakizoea tu."

Ndivyo kilivyo! Wamasaaba, ndio Wagisu wenyewe, wanapika malewa kwa wageni wa heshima, wanayapika msimu wa imbalu, yaani tohara ya vijana, mwaka ukiwa wa shufwa, na mama yeyote sokoni Mbale angeona aibu kupakua ile sufuria. Ile meza ilikuwa na watu wanaoonja Bugisu kwa mara ya kwanza. Wameondoka wakiamini kwamba Bugisu inakula kamba chungu, na aliyewaambia hivyo ni mtu niliyemlipa.

Kwa hiyo zile tatu nazifuta. Moja, na hiyo ni ya yule kijana wa malwa.

Wamenipigia kuniahidi punguzo safari ijayo. Sihitaji punguzo. Namba za wageni ninazo. Msimamizi awapigie yeye, mmoja mmoja, awaambie kwamba malewa hayakulowekwa.